Bahari Huchafuliwa Barabarani

Gati la Santa Monica, katika Jimbo la California nchini Marekani, lina gurudumu kubwa la kupandia watoto, wavuvi wa ndoano, wauza vinywaji na wageni kutoka kila pembe ya dunia. Wachache kati yao wanajua gati hilo lilijengwa kwa kazi gani. Lilipofunguliwa Septemba 1909 lilikuwa njia ya zege yenye urefu wa karibu mita 490, na shabaha yake kubwa ilikuwa kubeba bomba. Mji ulitaka kuyasukuma maji taka yake mbali na ufukwe, kupita pale mawimbi yanapovunjika, bahari iyachukue huko na yasahaulike. Watu wakapenda kutembea juu ya njia ile, na starehe zikafuata.

Bomba lile liliondolewa zamani, na sasa maji taka ya Santa Monica hupelekwa kwenye mtambo wa Hyperion kusafishwa pamoja na ya jiji la Los Angeles. Hata hivyo maji yaliyo chini ya gati hilo yamekuwa yakitajwa tena na tena miongoni mwa yaliyo machafu zaidi katika pwani nzima ya California. Uchafu huo unatoka wapi, ikiwa bomba halipo? Swali hilo limewashughulisha wanasayansi kwa zaidi ya miaka 30 na limekula fedha nyingi za walipa kodi. Majibu yake yanamfaa kila mzazi anayempeleka mtoto baharini siku ya Jumapili, awe Los Angeles au Tanga.

Tuanze na kinachopimwa, maana hapo ndipo wengi tunapopotea. Mpimaji akichota maji ya bahari kwenye chupa, hatafuti ugonjwa wenyewe. Virusi vya kuharisha, salmonela na vimelea vingine vina aina nyingi mno, na katika chupa moja huenda usikute hata kimoja ilhali vimo baharini. Anachotafuta ni bakteria wanaoishi matumboni mwa watu na wanyama, ambao wengi wao hawana madhara makubwa. Wakikutwa baharini, ni ushahidi kwamba kinyesi kimefika hapo, na kinyesi hakisafiri peke yake.

Kwa miaka mingi walihesabiwa bakteria wa jamii ya koliformi, akiwemo E. coli. Katika miaka ya 1970 mtaalamu wa vijidudu Victor Cabelli na wenzake wakaamua kuuliza jambo ambalo hadi hapo lilikuwa likikisiwa tu: ni bakteria gani hasa ambaye wingi wake huendana na watu kuugua? Walikwenda kwenye fukwe za New York na Boston, kwenye Ziwa Pontchartrain huko Louisiana, na hata Alexandria nchini Misri. Waliwahoji waogeleaji, wakapima maji ya siku ileile, kisha wakawatafuta watu walewale baada ya siku kadhaa na kuwauliza nani aliumwa tumbo. Aliyeshinda kwa maji ya chumvi alikuwa enterokoki. Bakteria huyu huvumilia chumvi kuliko E. coli, na kadiri alivyokuwa mwingi ndivyo waliotapika na kuharisha walivyoongezeka.

Kutokana na kazi hiyo, mwaka 1986 shirika la serikali ya Marekani la kulinda mazingira liliweka kipimo: kwa wastani, enterokoki wasizidi 35 katika mililita 100 za maji ya bahari. Kipimo hicho hakisemi kwamba chini ya 35 hakuna atakayeugua. Kilikadiriwa kuendana na watu 19 kuugua tumbo kati ya kila waogeleaji 1,000. Ni hatari ambayo serikali ilikubali kuibeba kwa niaba ya wananchi wake, na kila mwogeleaji ana haki ya kuijua. Bango linaloandika tu kwamba maji ni salama humnyima haki hiyo.

Turudi Santa Monica. Kiangazi cha 1995, timu iliyoongozwa na mtafiti wa afya ya jamii Robert Haile ilipeleka wasaili kwenye fukwe tatu za ghuba hiyo. Kila ufukwe ulikuwa na mtaro au kijito kilichoteremsha maji ya mjini hadi baharini. Walisajili waogeleaji waliozamisha vichwa vyao majini, wakaandika kila mmoja alikuwa umbali gani kutoka mdomo wa mtaro, na baada ya wiki moja hadi mbili wakawapigia simu. Walioshiriki hadi mwisho walizidi 10,000. Walioogelea mbele ya mdomo wa mtaro walipata homa zaidi, kwa takriban asilimia 50, kuliko walioogelea mita 365 hivi kutoka hapo. Kutokwa na usaha masikioni kulikuwa zaidi ya mara mbili.

Wenyeji walistushwa zaidi na kile kilichokuwa kikipita ndani ya mitaro. Los Angeles ina mifumo miwili ya mabomba isiyokutana. Mmoja huchukua maji ya vyooni na jikoni hadi kwenye mtambo wa kusafishia. Mwingine ni wa mvua: huchukua maji ya barabarani na kuyamwaga baharini moja kwa moja, bila kuyachuja. Wahandisi waliuchora hivyo ili mji usifurike. Tatizo ni kwamba kiangazi cha California huenda miezi bila tone la mvua, na mitaro bado hutiririka. Maji hayo ni ya kumwagilia bustani na kuosha magari, ni ya sakafu za migahawa zilizopigwa deki kuelekea uchochoroni. Hupitia kinyesi cha mbwa kilichoachwa kando ya njia, na pale bomba la maji taka lililozeeka lilipopasuka chini ya ardhi, huchanganyika na kinyesi cha binadamu. Kwa hiyo ghuba ilikuwa ikichafuliwa kila siku, jua likiwaka na fukwe zikiwa zimejaa watu, na hapakuwa na mtu mmoja wa kulaumiwa.

Utafiti ule haukubaki kabatini. Mwaka 1997 bunge la California lilipitisha sheria, iliyowasilishwa na Mbunge Howard Wayne, ya kupima maji kila wiki kuanzia Aprili mosi hadi Oktoba 31 kwenye fukwe zinazopokea zaidi ya watu 50,000 kwa mwaka na zilizo karibu na mitaro inayotiririka kiangazi. Sampuli moja ikizidi enterokoki 104 kwa mililita 100, bango la onyo linasimamishwa. Mara wananchi wakaona kwa macho yao ufukwe wanaoupenda ukiwekewa mabango, na hasira yao ikawa na namba za kushika mkononi.

Fedha zilikuja baada ya hapo, na mimi naona utaratibu huo ndio uliokuwa sahihi. Machi 2000 wapiga kura wa California waliidhinisha hati fungani za dola bilioni 1.97 kwa ajili ya maji. Kutoka kwenye fungu hilo, bajeti ya jimbo ya mwaka 2001 ilitenga dola milioni 34 kuanzisha Mpango wa Fukwe Safi, na hati fungani za miaka iliyofuata zikauongezea nguvu. Sehemu kubwa ya miradi yake haikuwa na mvuto wa picha. Ilihusu kuchimba chini ya barabara, kuukamata mtaro kabla haujafika ufukweni, na kuyageuza maji ya kiangazi yaende kwenye mtambo wa maji taka. Hakuna kiongozi anayekata utepe mbele ya bomba lililofukiwa, lakini bomba hilo ndilo linalomwepusha mtoto na kuharisha.

Santa Monica yenyewe ilikuwa imekwisha kuanza. Mwaka 2001, karibu na gati, ulifunguliwa mtambo uliogharimu karibu dola milioni 12 wa kusafisha maji ya mitaro ya kiangazi, hadi lita milioni 1.9 kwa siku. Maji huchujwa takataka, huondolewa mchanga na mafuta, hupitishwa kwenye chujio lenye vitundu vidogo mno, kisha huangazwa kwa miale ya urujuanimno inayoharibu vinasaba vya vijidudu visiweze kuzaana. Baada ya hapo humwagilia bustani za umma na kusukuma vyoo vya baadhi ya majengo. Waliojenga mtambo huo waliacha njia ya wapita njia kutazama ndani, jambo ninalolisifu sana. Mwananchi akiona maji ya barabara yake yanavyoingia meusi na kutoka meupe, hahitaji kushawishiwa kwamba kodi yake imefanya kazi.

Lakini gati likaendelea kupata alama mbaya, na hapo sayansi ililazimika kurudi uwanjani.

Majibu ya awali yalikuwa yametoka kusini kidogo, Huntington Beach, ambako sehemu ya ufukwe ilifungwa kiangazi cha 1999 kwa sababu ya bakteria ambao chanzo chao hakikueleweka. Mtafiti Alexandria Boehm na wenzake walipopima maji ya hapo kwa kufuatana karibu sana, waligundua kwamba hesabu hupanda na kushuka ndani ya dakika chache. Mchana, jua likiwa kali, bakteria hupungua. Usiku huongezeka tena. Kisha wakaona mwendo mwingine mrefu zaidi, unaofuata mwezi. Wakati wa bamvua, bahari inapojaa sana na kupwa sana, enterokoki walikuwa wengi kuliko wakati wa maji mafu, hasa maji yalipokuwa yakipwa. Walipoangalia fukwe nyingine nyingi za kusini mwa California walikuta mwendo uleule katika zilizo nyingi.

Bamvua inahusikaje na bakteria? Jibu lilikuwa mchangani. Mwaka 2007 Boehm na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford walitangaza matokeo ya kuchunguza mchanga wa fukwe 55 za California, na katika zaidi ya tisa kati ya kila kumi walikuta enterokoki. Mchanga wenye unyevu humkinga bakteria dhidi ya jua, na maji makuu ya bamvua yanapopanda juu hadi sehemu zisizofikiwa siku nyingine, huwaosha na kuwarudisha baharini. Wenye nyumba pwani wanaijua bamvua kwa majahazi na nyavu. Sasa tunajua inahusu afya pia.

Ukiyajua hayo, siri ya gati inaanza kufunguka. Chini ya sakafu yake pana kivuli mchana kutwa. Jua, ambalo ndilo dawa kubwa ya bahari, halifiki. Mchanga hubaki na unyevu. Juu, kwenye mihimili, njiwa hujenga viota na kudondosha kinyesi, na wageni humwaga mabaki ya chakula yanayowaita ndege wengi zaidi. Na mtaro wa mvua uliopita hapohapo ulikuwa umechakaa, ukiacha dimbwi mchangani ambamo watoto walipenda kucheza kwa sababu maji yake ni ya vuguvugu na hayana mawimbi. Mtaro ukajengwa upya. Nyavu zikafungwa chini ya gati kuwazuia ndege. Mwaka 2018, chini ya maegesho ya magari yaliyo kaskazini mwa gati, likakamilishwa tangi la kukusanya lita milioni 6 za maji ya mvua ili yasafishwe na kutumika tena badala ya kumwagwa baharini. Hata baada ya tangi hilo, gati halikutoka kabisa kwenye orodha ya fukwe chafu ambayo shirika la wananchi la Heal the Bay, lililoanzishwa mwaka 1985, hutoa kila mwaka. Nyavu hupasuka, ndege hurudi, kivuli kiko palepale.

Wapo wanaosema huo ni ushahidi kwamba fedha zilipotea. Sikubaliani nao. Kinyesi cha njiwa na kinyesi cha binadamu huongeza hesabu ileile ndani ya chupa, lakini hatari yake kwa mwogeleaji haifanani, kwa kuwa virusi vingi vinavyotuumiza matumbo hutoka kwa binadamu wenzetu. Mwaka 2000 Anne Bernhard na Katharine Field, wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Oregon, walichapisha njia ya kutambua vinasaba vya bakteria wa utumbo anayeelekea kupatikana kwa binadamu kuliko kwa wanyama wengine. Tangu hapo, mji wenye ufukwe mchafu unaweza kuuliza: uchafu huu ni wa nani? Ikiwa ni wa binadamu, bomba la maji taka limepasuka mahali na fedha ziende huko kwanza. Ikiwa ni wa ndege, wavu na mapipa ya taka yenye vifuniko vinatosha kuanzia. Kipimo cha vinasaba ni nafuu mno ukilinganisha na gharama ya kubadilisha bomba lisilo na kosa.

Kuna udhaifu mwingine ambao fedha za umma zimeanza kuuponya. Kipimo cha kawaida cha enterokoki humtaka bakteria akue. Maji huchanganywa na chakula chake, hugawanywa kwenye vishimo vidogo vya trei, huwekwa kwenye joto la nyuzi 41 kwa saa 24, na asubuhi vishimo vinavyong'aa buluu chini ya taa maalumu huhesabiwa. Kwa hiyo bango la leo linahusu maji ya jana. Ni sawa na kuambiwa maziwa yamechacha wakati watoto wamekwisha kuyanywa. Njia mpya za kuhesabu vinasaba hutoa jibu siku ileile, na Mei 2022 Kaunti ya San Diego, inayopakana na Meksiko, ilianza kuzitumia kama kipimo chake rasmi cha fukwe.

Nani alipe yote haya? Watafiti watatu, Suzan Given, Linwood Pendleton na Boehm, mwaka 2006 walikadiria kwamba kuogelea kwenye fukwe 28 za kaunti za Los Angeles na Orange kulisababisha kati ya maradhi 627,800 na 1,479,200 ya tumbo kwa mwaka, yakigharimu dola milioni 21 hadi 51 kila mwaka. Gharama hiyo haikuandikwa kwenye bajeti yoyote. Ililipwa na mama aliyekosa kazi siku mbili akimuuguza mwanawe, na kijana aliyenunua dawa za kuharisha. Uchafu wa bahari hulipiwa kwa vyovyote vile. Kinachobaki ni kuchagua kama tutaulipia kwa pamoja na mapema, au kila mtu peke yake akiwa kitandani.

Wananchi wa huko walichagua. Novemba 2006 wapiga kura wa Santa Monica walijitoza kodi ya viwanja kwa ajili ya usafi wa fukwe na bahari, ingawa sheria ilidai theluthi mbili ya kura. Mwaka 2018 Kaunti nzima ya Los Angeles ikafuata, na kodi yake naiona ya haki kuliko zote nilizozisoma. Kila kiwanja hutozwa senti 2.5 za dola kwa kila futi ya mraba iliyofunikwa kwa paa, lami au saruji, yaani sehemu ambayo mvua haiwezi kuzama ardhini. Mwenye eneo la mita za mraba 100 la namna hiyo hulipa karibu dola 27 kwa mwaka. Mwenye maegesho makubwa ya maduka hulipa kwa ukubwa wa lami yake. Aliyeacha udongo wazi na miti, maji yake yakazama yenyewe, hulipa kidogo. Sayansi ilisema uchafu huanzia pale maji yanapokosa pa kuzama, na kodi ikaelekezwa hapohapo.

Kwetu pwani ya Afrika Mashariki mitaro ya mvua nayo huishia baharini, na masika yanapoanza hubeba kila kilicholala mitaani, pamoja na vyoo vya mashimo vinavyofurika. Utafiti haukosekani: mwaka 2009 T. J. Lyimo wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alichapisha kazi kuhusu uchafuzi wa vijidudu na virutubisho katika maji ya kuogelea ya pwani ya jiji hilo. Hatuhitaji dola bilioni moja ili tuanze. Chupa, friji, kisanduku cha joto, trei na mtu anayelipwa mshahara kuchota maji kila Jumatatu na kubandika namba mahali panapoonekana vinaweza kugharamiwa na manispaa yoyote yenye ufukwe unaoipatia ushuru. Bila namba hizo, hata mitaro ya mkopo mkubwa itachimbwa kwa kubahatisha.

Wakati tukisubiri, ushauri ambao maofisa wa afya wa California huwapa watu wao unatufaa bila kubadilishwa. Mvua ikinyesha, usiogelee kwa siku tatu. Kaa angalau mita 90 hivi kutoka mdomo wa mtaro, kiangazi na masika. Mtoto asichezee dimbwi la mtaro mchangani hata likionekana safi, na aoshwe mikono kabla ya kula. Mwenye kidonda kibichi abaki nchi kavu.

Na anapokuja diwani kuomba kura yako, muulize: maji ya ufukwe wetu yalipimwa lini mara ya mwisho, matokeo yamebandikwa wapi, na katika bajeti ijayo ni shilingi ngapi zimetengwa kuyapima tena?